Kuunda Taa za Nyuma za Ledi kwa Gari la Zamani

Katika kurasa hizi mmezoea ngonjera, mashairi na visa vya sungura na fisi. Leo naomba ruhusa niwaletee nyaya. Makala haya ni somo. Nitaeleza jinsi nilivyounda taa za nyuma za pikapu ya babu yangu kwa kutumia zile taa ndogo ndogo ziitwazo ledi, na kwa nini nilizipanga vile nilivyozipanga. Fizikia tunaisoma kwa Kiingereza, si mnajua, lakini fundi wa gereji na babu mwenye gari hawaulizi maswali kwa Kiingereza. Ukiweza kumweleza babu kila waya una kazi gani, basi karatasi ya mtihani haitakutisha.

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Gari aina hii lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi lilikuwa likiunganishwa Mombasa. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504 ya aina ya kupe. Lakini wazee wa Kericho na Bomet ukiwauliza, hawaanzi na mashindano. Wanakumbuka zile stesheni wagoni zilizobeba abiria wa masafa marefu, mtu anasema tu "nitapanda Pijo" na kila mmoja anaelewa. Pikapu ya babu hubeba maziwa asubuhi, na mchana ikabeba majani chai ya majirani hadi kituo cha kununulia. Karo yangu hutoka humo. Kwa hiyo msidhani nilikuwa nikicheza.

Yeyote aliyesafiri kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong anajua hali ya anga ya kwetu. Asubuhi jua linawaka kana kwamba hakuna wingu duniani. Alasiri mvua, pengine ya mawe. Jioni ukungu unashuka juu ya mashamba ya chai hadi usione mti ulio mbele yako. Jioni moja mwaka jana babu alikuwa akitoka kituoni, akapunguza mwendo ili aingie njia ya nyumbani. Lori lililokuwa nyuma yake likafunga breki, likaserereka na kusimama hatua chache tu kutoka kwenye bodi ya pikapu. Dereva akashuka akitetemeka. "Mzee, haki ya Mungu sikuona taa yako." Babu aliposimulia nyumbani, nyanya alitoa uamuzi wake papo hapo: gari liuzwe. Babu akaomba mwezi mmoja.

Kabla ya kununua chochote, pima. Niliazima mita ya umeme na kupima betri: volti 12.6. Nikapima kwenye soketi ya taa ya nyuma huku balbu ikiwaka: volti 9.8. Volti karibu tatu zilikuwa zimepotea njiani! Sababu ni kutu. Katika magari mengi ya zamani, umeme huenda kwenye taa kwa waya lakini hurudi betrini kupitia bati la gari lenyewe. Bati likishika kutu pale taa ilipofungwa, njia ya kurudi inakuwa nyembamba, balbu inafifia. Dalili yake utaiona hata bila mita: ukikanyaga breki, indiketa nayo inamulika kidogo, maana umeme unatafuta njia ya uchochoro. Basi kazi yangu ya kwanza haikuwa ledi kabisa. Ilikuwa kukwangua kutu na kuvuta waya mpya wa hasi kutoka kila taa hadi kwenye chesisi safi. Gari lako likiwa na taa hafifu, anza hapo; huenda ukamaliza hapo hapo.

Sasa kwa nini ledi? Watu hudhani ni kitu cha juzi. Kumbe ledi ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana iliundwa na Nick Holonyak katika kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1962, miaka sita kabla ya 504 kuzinduliwa. Zile za mwanzo zilikuwa hafifu. Zenye mwanga wa kutosha gari zilikuja baadaye sana. Balbu ya kawaida huwaka kwa kupasha uzi moto mpaka ung'ae. Uzi huo huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kupata moto wote. Ledi huwaka papo hapo. Ati sehemu ya tano ya sekunde ni kitu gani? Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo dereva wa nyuma anapata habari mita nne na ushee mapema, karibu urefu wa pikapu nzima. Nyanya alipoelezwa hilo alinyamaza, na nyanya hanyamazi ovyo.

Kuna jambo moja nataka kulisahihisha, maana nimelisikia hata kwa mafundi: eti taa za nyuma ni nyekundu kwa sababu rangi nyekundu hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Nyekundu ni lugha tuliyokubaliana, kwamba huu ni mgongo wa gari. Kinachosaidia kwenye ukungu ni mwanga wa kutosha na kioo safi.

Tuingie kwenye hesabu. Ledi nyekundu ya kawaida hutaka takriban volti 2 na mkondo usiozidi miliampea 20. Ledi haina breki: ukiiunganisha moja kwa moja na betri inavuta umeme hadi inaungua. Ndiyo maana tunaiwekea kikinza, ambacho mafundi hukiita rezista. Na hapa wengi huteleza, kwa kuwa wanapiga hesabu kwa volti 12. Injini ikinguruma, jenereta hupandisha umeme hadi volti 14.4 hivi. Tumia hiyo.

Nilipanga ledi nne kwa mfuatano, yaani umeme upite ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Nne zinakula volti 8. Diodi ya ulinzi, ambayo nitaieleza, inakula 0.7. Zinabaki volti 5.7. Nikaweka kikinza cha omu 330. Kwa sheria ya Ohm, gawanya 5.7 kwa 330: miliampea 17 na kidogo. Salama. Injini ikizimwa na betri ikiwa volti 12.4, mkondo unashuka hadi miliampea 11, bado taa inaonekana vizuri.

"Kwa nini usiweke sita, upunguze vikinza?" babu aliuliza. Swali zuri. Sita zinakula volti 12 peke yake. Injini ikizimika mlimani usiku, betri ikiwa na 12.4 na diodi ikachukua 0.7, hakuna kinachobaki cha kuziwasha. Taa ingekufa wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Kila taa ya nyuma ina safu tisa za ledi nne nne, jumla 36, safu zote zikiwa sambamba na kila safu ikiwa na kikinza chake. Faida yake ni kwamba safu moja ikifa, nane zinaendelea. Taa moja inavuta takriban ampea 0.16 wakati wa breki. Balbu ya breki ya wati 21 inavuta ampea 1.75. Nyaya za zamani zinapumua.

Sasa sehemu ninayoiona kuwa ndiyo roho ya kazi hii. Taa ya nyuma husema maneno mawili. Usiku wote inasema "nipo". Ukikanyaga breki inasema "nasimama". Maneno hayo yakifanana, dereva wa nyuma hasikii kitu. Nimeona magari ya vijana yenye ledi nyingi kama mti wa Krismasi, lakini breki ikikanyagwa huoni tofauti. Hizo si taa, ni mapambo. Kwenye balbu ya zamani kuna nyuzi mbili, wati 5 na wati 21. Kwenye ledi ni lazima tofauti hiyo uiunde mwenyewe.

Waya wa breki niliupitisha kwenye diodi ya 1N4007 hadi kwenye kichwa cha safu zote tisa. Waya wa taa za usiku nao niliupitisha kwenye diodi yake, kisha kwenye kikinza cha omu 180 cha nusu wati, ndipo ukakutana na ule wa breki. Hivyo usiku kila safu inapata takriban miliampea 3, na breki ikikanyagwa inaruka hadi 17, zaidi ya mara tano. Diodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Bila hiyo, umeme wa breki ungerudi kinyumenyume kwenye waya wa usiku kila ukikanyaga breki, mchana kweupe.

Mambo mengine nitayapita haraka. Nunua ledi nyekundu, si nyeupe. Kioo chekundu huzuia sehemu kubwa ya mwanga mweupe, ukabaki na taa ya kaburini. Ledi zenye kichwa angavu humulika mbele tu kama tochi, kwa hiyo nilisugua vichwa vya nusu yake kwa msasa laini ili mwanga utawanyike pembeni. Hiyo inamfaa anayekuja kutoka kwenye kona, na kona kwetu ndiyo barabara yenyewe. Lehemu juu ya ubao wa matundu, kisha upake vanishi pande zote. Silikoni inayonuka siki hula shaba, kwa hiyo iguse ukingo wa kioo tu. Acha tundu dogo chini ya taa. Maji yataingia, usijidanganye, hii ni Kericho. La maana ni yapate pa kutokea.

Indiketa sikuzigusa. Flasha ya zamani hutegemea mkondo mkubwa wa balbu ili kupasha kibati chake moto. Ukiiwekea ledi, ama inamulika mbio mbio ama haimuliki kabisa. Anayetaka kubadilisha indiketa abadilishe na flasha, aweke ya kielektroniki. Vile vioo vya kuakisi vya kiwandani niliviacha mahali pake. Vinafanya kazi hata betri ikifa, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haitanii na gari lisiloonekana usiku.

Siku ya kujaribu tulingoja jioni yenye ukungu, na haikuchelewa kuja. Nilimweka rafiki yangu mmoja hatua mia moja nyuma, mwingine pembeni kwenye kona, kisha babu akakanyaga breki bila kupiga hesabu kwa sauti. Kila aliyeona mabadiliko alipaswa kupiga filimbi. Breki kumi, filimbi kumi kwa yule wa nyuma. Yule wa kona alipiga tisa, nikashuka na msasa nikasugua ledi nyingine sita upande wake. Marudio: kumi kwa kumi.

Nyanya alitoka na shali yake, akatembea mwenyewe hadi ile hatua ya mia, akasimama pale kitambo. "Kanyaga," akasema. Babu akakanyaga. "Acha." Akaacha. "Kanyaga tena." Halafu akarudi jikoni bila kuzungumzia kuuza.

Babu naye alikuwa na sharti moja tu: "Kijana, nisije nikaona inamulika kama disko." Haimuliki.

Sasa jirani mwenye trekta ameleta trela lake la kubebea kuni, ambalo halijawahi kuwa na taa hata moja nyuma. Vibao vyake viwili viko mezani, vanishi haijakauka. Mwanachama yeyote mwenye mita ya kuazima anione darasani. Ile niliyoiazima mwenyewe ameitaka.