Tujifunze Kiingereza: Neno "Aloof"

Mwanafunzi atakapo kueleza kwa Kiingereza habari za mtu asiyechanganyika na wenzake, mara nyingi huandika "proud", yaani mwenye kiburi. Lakini kiburi kimo moyoni, nasi tukionacho ni kujitenga tu. Neno lifaalo ni "aloof". Hutamkwa "aluuf", na mkazo huwa katika silabi ya pili.

Asili ya neno hili ni kwa mabaharia. Sehemu yake "loof", idhaniwayo kuwa ya Kiholanzi, maana yake ni upande utokako upepo. Zamani za matanga, upepo ukivuma kuelekea pwani uliweza kukisukuma chombo hata kwenye miamba. Basi nahodha huamuru omo ligeuzwe kuuelekea upepo, ili chombo kikae mbali na nchi kavu. Katika karne ya 16 neno hili likaingia katika maandishi ya Kiingereza, na baadaye likatumiwa kwa watu wajitengao.

Mara nyingi hufuatwa na "from". Tazama mifano hii:

"He keeps aloof from the other boys." Hujitenga na wavulana wenzake.

"They stood aloof from the quarrel." Hawakujitia katika ugomvi ule.

Mfano wa pili waweza kuwa sifa njema. Tena, maneno kama "asleep" na "afraid" hayatangulii jina, lakini "aloof" laweza: "an aloof man".

Yako na maneno jirani. "Shy" ni mwenye haya. "Reserved" ni mtu asiyesema mengi, wala si lawama. "Standoffish" ni lawama: mtu asiyependa kukaribiwa.

Kuchagua neno si jambo dogo. Mwanafunzi mgeni, aliyetoka mbali na asiyejua desturi za bweni, hukaa peke yake. Ukimwita "proud" umekwisha kumhukumu. Ukimwita "aloof", ingawa neno lenyewe lina ubaridi kidogo, umesema lile uliloliona. Huenda naye, kama nahodha yule, anakaa mbali kwa kuogopa miamba. Hutajua mpaka umwendee na kumwamkia.

Zoezi: Tunga sentensi moja kwa kila neno: "shy", "reserved", "aloof", "standoffish". Kisha mweleze mwenzako kwa nini neno jingine lisingefaa mahali pale.