Dondoo Muhimu: Wawili Kwenye Njia ya Misafara

Safirini wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekoma. Usiku Tabora hupoa, kwa hiyo bebeni sweta. Anzieni Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na msiondoke mjini bila asali ya miombo. Ratiba ya treni ya Kigoma iulizieni stesheni mapema. Kigoma kuna ufuko wa Jakobsen wa kuogelea, na Ujiji ni jirani tu.

Hifadhi ya Gombe, makao ya sokwe, hufikiwa kwa boti. Mmoja wenu akipata mafua, ahirisheni wote wawili hata kama mmeshalipa: sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na wengine hufa. Uhai wao una thamani kubwa kuliko safari yenu.