Ng'ombe wa kwanza Levolosi: anza na majani

Kabla hujaenda kumwangalia ng'ombe, hesabu majani. Ng'ombe wa maziwa hula kwa siku majani mabichi karibu sehemu ya kumi ya uzito wake, hivyo Friesian wa kilo 500 anataka kilo 50, na maji ndoo kubwa tatu au zaidi akiwa anakamuliwa. Levolosi, hapa jijini Arusha, ambako hata pa kuanikia nguo panagombewa, yote hayo yataletwa kwa mkokoteni. Majani ya kabichi kutoka soko la Kilombero yanasaidia, lakini hayatoshi. Kwa hiyo mimi namshauri anayeanza achukue chotara wa Jersey: mwili mdogo, maziwa mazito. Friesian mwenye njaa hupunguza maziwa, kisha hachelewi kukosa mimba.

Mzuri zaidi ni mtamba mwenye mimba ya miezi mitano hadi saba. Usitegemee neno la muuzaji. Afisa mifugo ampime. Kama alipandishwa kwa mrija, omba kumbukumbu ya dume. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, si mbali.

Umri usome mdomoni. Meno mawili makubwa ya mbele ni karibu miaka miwili. Manane ni minne na kuendelea. Rangi isikutishe: maji mengi ya kuzunguka Meru yana floridi, na ng'ombe mdogo anaweza kuwa na meno ya kahawia kama ya mzee wa kijiji.

Ukinunua anayekamuliwa, nenda jioni, akamuliwe mpaka kiwele kilegee, kisha rudi alfajiri upime maziwa. Wapo wauzaji wanaoruka mkamuo mmoja ili mteja akute kiwele kimefura. Kamulia kila chuchu kwenye kitambaa cheusi. Ukiona mabonge au damu, acha.

Hereni sikioni isikudanganye. Waliochanjwa ndigana kali huvishwa, lakini siku hizi zipo pia za utambuzi wa mifugo tu. Dai kadi ya chanjo, maana kupe wanaoeneza ugonjwa huo huingia bandani pamoja na majani uliyokata. Damu nayo ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata hata binadamu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Majibu yakitoka ndipo mzungumze bei, na kibali cha kumsafirisha kiwe mkononi kabla hajapanda gari.