Kipaka Ghalani

Swali: Mfanyabiashara wa mahindi mjini Busia amechukua kipaka wa wiki 7 ili afukuze panya, naye anajisaidia juu ya magunia. Afanyeje?

Jibu: Paka hafundishwi kufukia kinyesi, huanza kufukuafukua mwenyewe akiwa na wiki 4 hivi. Anachofundishwa ni mahali. Ghala limejaa makapi na vumbi, hivyo kwake lote ni choo.

Apewe beseni la kina kifupi, kando, mbali na chakula chake. Mchanga au maranda ya seremala yanatosha. (Vumbi la saruji halifai: huunguza nyayo.) Abebwe hadi hapo kila anapoamka na kila anapomaliza kula. Kumpiga au kumsugua pua kwenye uchafu humfunza kujificha tu.

Gunia lililokojolewa lioshwe kwa siki na kuanikwa juani, maana harufu humrudisha.

Kinyesi kiondolewe kila siku. Vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kuwemo huchukua angalau siku 1 kabla ya kuweza kuambukiza, na kwa kuwa vinaweza kudhuru mimba, mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Udongo maalumu wa dukani si lazima. Kabla Edward Lowe hajaanza kuuuza Marekani mwaka 1947, huko nako paka walitumia mchanga na majivu.