Kiapo Kabla ya Kujua

Andiko: Marko 6:14-29; Mambo ya Walawi 5:4-5

Kijana akipata nafasi ya kusoma Marekani tunamwombea, tunamchangia tikiti, tunamwonya kuhusu baridi na pombe. Kuna jambo moja tunalisahau, manake huku kwetu halipo kwa sura hiyo: frateniti na sororiti.

Hivi ni vyama vya wanafunzi, frateniti vya wanaume na sororiti vya wanawake, na vingi hujiita kwa herufi za Kigiriki. Cha kwanza kutumia herufi hizo, Phi Beta Kappa, kilianza mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia. Mgeni hutembelea nyumba zao, wakimpenda wanamwalika, anakaa wiki kadhaa kama mtarajiwa, kisha anaapishwa.

Tusiseme ati yote ni uovu. Mwaka 1906, wanafunzi saba weusi katika Chuo Kikuu cha Cornell walianzisha Alpha Phi Alpha, wakati ambapo mweusi alitengwa hata chuoni. Dkt. Martin Luther King Jr. alikuwa mwanachama. Mwaka 1908 dada zao katika Chuo Kikuu cha Howard walianzisha Alpha Kappa Alpha. Na hebu mfikirie kijana kutoka Kisii, theluji dirishani, Jumamosi nzima hana wa kumsalimia. Akiitwa "ndugu" ataitika. Tusimcheke. Upweke ni njaa.

Shida iko kwenye kiapo. Mara nyingi maneno ya kuapishwa ni siri. Huyasikii mpaka umesimama mbele yao. Hapo ndipo Herode alipokwama. Aliapa kwanza, ombi akalisikia baadaye, na ombi lenyewe lilikuwa kichwa cha Yohana Mbatizaji. Marko anatuambia mfalme alihuzunika. Kumbe hakutaka! Lakini alikuwa ameapa, na wageni wake wa mezani walikuwa wakimtazama. Mfalme mwenye askari akawaogopa watu aliokuwa akila nao.

Meza kama hiyo bado ipo. Februari 2017, katika chuo cha Penn State, mtarajiwa wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kukaribishwa katika frateniti, akaanguka kwenye ngazi. Kwa mujibu wa uchunguzi, mwenzao mmoja alisema aitiwe msaada, wakampuuza. Karibu saa 12 zilipita kabla ya simu kupigwa. Kijana akafa. Sidhani wote mle ndani walikuwa na roho ya mauaji. Kila mmoja alimtazama mwenzake, kama Herode.

Walawi 5 ina neno ambalo hatulihubiri sana. Mtu akiapa kwa haraka, asijue alichoapia, siku atakapojua na aungame. Mungu hakumwambia akae ndani ya kiapo kwa sababu alishatamka. Herode angeweza kusema, "Nimekosa," na Yohana angelala hai usiku ule. Kwa hiyo mzazi, mwanao akikupigia akiwa ameshaapa, usianze kwa kufoka. Mwambie mlango wa kutoka upo.

Na yule ambaye bado hajaapa, aulize mapema: naweza kusoma maneno ya kiapo leo? Kuna jambo nitakalokatazwa kumwambia mama? Watarajiwa wa mwaka jana walifanyiwa nini? Wakicheka badala ya kujibu, hilo nalo ni jibu.

Swali hilo la mwisho mzazi pia anaweza kulifuatilia. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo kutangaza hadharani, kwenye tovuti zao, vyama vilivyopatikana na kosa la kuwatesa wageni. Huhitaji viza kuisoma. Hata ukiwa Eldoret, na simu ya mkononi, unaweza kutafuta jina la chama anachoalikwa mwanao kabla hajainua mkono.