Nenda Mara Nyingi, Sema Kidogo

Usharika ukisikia mzee fulani ameruhusiwa kutoka hospitali "akapumzike nyumbani", kila mtu anaelewa. Jumapili alasiri kundi linaondoka: wazee wa kanisa, akina mama, wanakwaya, mwinjilisti. Wanajaa chumbani, wanaimba, wanasoma Neno, wanaomba kwa sauti, wanaacha bahasha na kuondoka. Upendo wao ni wa kweli. Lakini mgonjwa amebaki amechoka, na hakuna aliyepata nafasi ya kumsikiliza. Wengi wao watarudi siku ya msiba.

Anayekaribia kufa anahitaji huduma ya namna nyingine: watu wachache, wanaorudi mara kwa mara, wanaosikiliza kuliko kusema. Mchungaji, padre, katekista au mzee wa kanisa anaweza kuipanga hivi.

1. Wachague wawili

Mpeni mgonjwa watu wawili anaowaamini. Kama ni mama, mmoja wao awe mwanamke. Iulize familia saa inayofaa, baada ya dawa au kuoga. Dakika 15 au 20 zinatosha. Keti usawa wa macho yake, zima simu. Utakayoyasikia pale yasifike kwenye kikundi cha maombi bila ruhusa yake, hata kwa kisingizio cha kumwombea.

Methali husema mgonjwa haulizwi uji. Katika huduma hii, muulize: "Baba, leo ungependa tuzungumze, tuombe, au tukae tu?" Ugonjwa umeshamnyang'anya maamuzi mengi, hili mwachie.

2. Uliza maumivu kabla ya kufungua Biblia

Cicely Saunders, daktari Mkristo aliyeanzisha Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, nafsi, mahusiano na roho kwa pamoja. Anayeugulia usiku kucha hawezi kusikia mahubiri. Ukimkuta katika hali hiyo, kazi yako ya kwanza ni kuisaidia familia kupata tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa. Nchini Tanzania huduma hii ipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na katika baadhi ya hospitali za makanisa, kama Selian ya Kilutheri mkoani Arusha.

Familia nyingi huiogopa mofini, dawa kali ya maumivu inayotumika katika tiba hii, kwa kudhani ni dawa ya kummalizia mgonjwa. Waeleze kwamba ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu hutuliza maumivu, wala haiharakishi kifo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, imeonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kutumika hata nyumbani. Mofini hufunga choo, kwa hiyo waulize wahudumu wa afya dawa ya kulainisha. Na kamwe usimwambie mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake.

3. Msikilize anachouliza

"Mchungaji, nitapona kweli?" Usikimbilie kusema "utapona kwa jina la Yesu". Muulize: "Mama, mwenyewe unaonaje?" Mara nyingi anajua. Yeye anawaficha watoto, watoto wanamficha yeye, na kila mmoja analia peke yake. Kueleza ugonjwa umefikia wapi ni kazi ya daktari. Yako ni kutomdanganya, na kubaki naye baada ya kuusikia ukweli.

Akimlalamikia Mungu, usimkemee. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni sala. Epuka "jikaze", "imani yako ni ndogo" na "ni mapenzi ya Mungu". Mwombee uponyaji kama anataka. Mwombee pia usingizi, amani, na nguvu kwa anayemuuguza.

Mpe nafasi ya faragha. Huenda ana deni, ugomvi wa miaka na ndugu yake, au mtoto ambaye nyumba haimjui. Akitaka kutubu au kupatana na mtu, msaidie mapema. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa hausubiri pumzi ya mwisho. Padre aitwe mgonjwa akiwa bado anaweza kusema. Kwa Walutheri na Waanglikana, Meza ya Bwana inaweza kuletwa kitandani. Asiyemeza vizuri apewe kipande kidogo sana.

4. Waangalie wanaomzunguka

Anayeuguza kwa kawaida ni mke au binti, naye haulizwi hali. Toka naye uani, umsikilize. Kisha jumuiya ipange zamu, ili walau usiku mmoja kwa juma alale.

Watoto waambieni ukweli kwa maneno mepesi. Akiambiwa babu "amesafiri", mtoto atasubiri arudi. Akiambiwa "amelala", anaweza kuogopa kulala.

Zungumzeni pia wosia, wakati mgonjwa ana akili timamu. Wengi huona ni kujitabiria kifo, lakini pasipo wosia wajane wengi hujikuta wakigombea nyumba yao na mashemeji. Mwelekeze kwa mwanasheria au RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaosaidia kuandika na kuhifadhi wosia. Mchungaji asiwe mrithi, wala asimsukume mgonjwa kulitolea kanisa.

5. Saa za mwisho

Iandae familia. Mgonjwa ataacha kula, mikono itapoa, pumzi itasita na huenda ikakoroma. Wasimlazimishe uji, maana anaweza kupaliwa. Wamlowanishe midomo kwa pamba yenye maji. Huenda bado anasikia, kwa hiyo wasijadili mazishi kitandani kwake. Wamshike mkono, wamwambie asante, wamwombe msamaha. Wewe soma Zaburi ya 23 taratibu, au imba kwa sauti ya chini wimbo anaoupenda. Akikata roho, usikimbilie simu. Waache walie, Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro.

6. Baada ya tanga

Turubai likishaondolewa na wageni wakisharudi makwao, nyumba inabaki na madeni, kitanda kitupu na watoto wanaouliza. Wale wawili waliokuwa wakimtembelea mgonjwa waendelee kuja: baada ya juma moja, baada ya mwezi, Krismasi ya kwanza, na siku ya kutimiza mwaka. Wamtaje marehemu kwa jina lake, kwa sababu wafiwa wana njaa ya kulisikia.

Katika kikao kijacho cha wazee wa kanisa, kabla ya hesabu za sadaka, someni majina ya wagonjwa wote walio majumbani. Kila jina lipate watu wawili na siku ya kwenda, na kikao kisifungwe hadi orodha iishe.