Shamba la Daniel Freeman

Tarehe 1 Januari, 1863, Daniel Freeman aliandikisha eka 160 karibu na Beatrice, Nebraska, katika mbuga za Marekani zilizokuwa zamani nchi ya Waoto. Sheria ya mwaka 1862 ilitoa shamba kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba mtu akae humo miaka mitano, ajenge nyumba na kulima. Wengi walishindwa na ukame, nzige na baridi kali, wakahama. Freeman alistahimili. Miaka mitano ilipotimia, alikuwa na nyumba, eka 35 zilizolimwa na miti ya matunda zaidi ya 400. Alifariki tarehe 30 Desemba, 1908, akazikwa katika shamba lile lile. Hati aliipata kwa kazi ya mikono yake.